Kila Aliyepita Pale Alikuwa na Viatu Mkononi

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi mjini Kisii, shavu moja limenyolewa na la pili bado lina povu. Aliyepiga simu ni mama yangu, na mama yangu hapigi simu ovyo. Kwa kawaida husubiri nimpigie mimi, kisha anilaumu kwa kuchelewa. "Yule mama wa uwanja wa ndege ametuacha," akasema, halafu akaanza kulia. Nilimwashiria kinyozi asubiri. Nimemwona mama akiwalilia ndugu zake na nimemwona akimlilia baba, lakini huyu marehemu alikuwa nani kwetu? Alikuwa mkaguzi wa abiria, mmoja wa wale wanaosimama kando ya mashine na kukuambia uvue mshipi. Alikutana nasi safari moja tu, miaka mingi iliyopita, na tangu alipostaafu na kurudi kwake Manga kulima chai hakuwahi kukubali hata siku moja kwamba anatujua. Nikamuuliza mama analilia nini hasa. "Alhamisi utanipeleka Manga," akajibu, na simu ikakatika.

Siku zile mtu wa kwetu akipanda ndege ilikuwa shughuli ya ukoo mzima, na nakiri kwamba naikosa shughuli ile. Tulikodi basi la shule kutoka Kebirigo, kina mama wakaimba njia nzima, mzee wa kanisa akaomba kwa kirefu pale nje mpaka tukaogopa ndege itatuacha. Mama alikuwa akienda kwa dada yangu, muuguzi ng'ambo, nami nilikuwa msindikizaji wake hadi huko. Miezi michache kabla ya hapo mama alikuwa amepasuliwa tumbo. Mimi niliambiwa amepona, ila kuna kazi ndogo madaktari wa huko wataimalizia, na sikuuliza zaidi. Kwetu Wagusii kuna kitu kiitwacho chinsoni, ile aibu ya heshima iliyo kati ya mzazi na mwana. Mwili wa mama si jambo la mwanawe wa kiume kuliona wala kulidadisi. Dada ndiye aliyejua kila kitu, nami nilijua kubeba mizigo.

Tulipofika kwenye ukaguzi, viatu mkononi, mashine ikapiga kelele mama alipopita. Mkaguzi wa kiume aliyekuwa pale hakuwa mtu mbaya, ila sauti yake ilikuwa ya mnadani. "Mama, iko nini hapa kwa tumbo? Inua hiyo sweta tuone." Foleni yote ikageuka. Mama akaishika sweta kwa mikono miwili, na macho yake hayakuwa kwa yule mkaguzi, yalikuwa kwangu. Hapo ndipo marehemu alipojitokeza, mwanamke mnene wa makamo, akajiweka katikati yetu na kuipa foleni mgongo. "Bwakire, omongina," akamsalimia mama, kama tunavyomsalimia mama mzee kwetu. Kisha akanielekezea kidevu. "Huyu ni nani wako?" Mama akasema ni kijana wake. "Basi wewe, tata, chukua hizi mizigo uende ukae kwa kile kiti cha mwisho. Kile cha mwisho kabisa." Aliniita tata, jina tunalowaitia baba zetu, huku akinifukuza kama kuku. Nilimwambia kwamba huyu ni mama yangu, kwamba mimi ni mwandishi wa habari, na kwamba nina haki ya kujua anapelekwa wapi. "Hata mimi niko na watoto," akasema. "Enda ukae." Akampeleka mama kwenye chumba kidogo chenye pazia, nami nikaenda kukaa, nimenuna.

Walipotoka, mama alikuwa anatembea wima kuliko alivyoingia, na yule mama ndiye aliyembebea viatu. Ndani ya ndege nilimuuliza kulikuwa na nini. "Mambo ya wanawake," akasema, akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Miaka ikapita. Siku moja, kwenye makambi ya kanisa, nikamwona yule mama ameketi na wenzake, amestaafu, amevaa kilemba cheupe. Nilimvuta mama kwa furaha tukamsalimie. Akampa mama mkono kama anavyompa mgeni yeyote. "Umetoka upande gani, omongina?" Mimi, ambaye mdomo ndio jembe langu, nikaingilia: si wewe uliyetuhudumia pale uwanja wa ndege? Akanitazama kwa upole. "Tata, pale watu walikuwa wengi." Nilikasirika kwa niaba ya mama. Ajabu ni kwamba mama hakukasirika hata kidogo, na walishikana mikono muda mrefu kuliko wanavyoshikana watu wasiojuana.

Mara nyingine ilikuwa sokoni Kebirigo, nikichagua parachichi. Mwanamke mmoja alikuwa amembana marehemu kwenye kona, anataka kujua kama mume wake aliwahi kupita pale uwanjani, na kama alipita, alikuwa na nani. Watu wa sokoni, kila mmoja akajifanya anapima viazi. Marehemu akachukua kikapu chake. "Mama yangu, kila mtu aliyepita pale alikuwa na viatu mkononi," akasema. "Mimi niliona viatu." Soko zima likacheka, hata yule mwenye swali akacheka, na hakuna aliyetoka pale na umbea wa kwenda nao nyumbani.

Namkumbuka zaidi ninapoona tulipofika. Siku hizi uso wako unapigwa picha, vidole vinachukuliwa alama, pasipoti inanakiliwa katika kila kaunta, na picha ya mwili wako inaonekana kwenye kioo. Sigombani na ukaguzi. Nami nataka ndege ifike. Nataka tu kujua kama nyuma ya kile kioo ameketi mtu mwenye haya. Nasi abiria tuna lawama za kujibu. Kijana anapiga picha tikiti yake, jina na namba vyote wazi, anairusha kwenye kundi la simu lenye watu asiowajua hata, halafu anashangaa wageni kujua safari yake kuliko baba yake. Na kuna mzee mmoja wa kwetu aliyeogopa kukanyaga ngazi zinazotembea pale uwanjani. Abiria mwenzake alimrekodi akitetemeka, na Nyamira nzima ikacheka. Mzee alikuwa anakwenda kumzika binti yake. Aliporudi, wajukuu ndio waliomwonyesha ile video. Limeniuma sana jambo hilo, na bado linaniuma.

Alhamisi tukapanda mlima hadi Manga. Hema lilikuwa limejaa hadi migombani, na kijana mmoja alikuwa akirusha mazishi moja kwa moja kwa simu yake. Mwongoza shughuli akaita waliokutana na marehemu kazini. Wakasimama wanawake nisiowajua. "Alinisaidia," akasema wa kwanza, akaketi. "Hata mimi. Mungu anajua," akasema mwingine kutoka Nyansiongo, machozi yakimtoka. Mwongoza shughuli, mtu wa utani, akadai wafafanue: "Aliwasaidia na nini? Tuambieni tubarikiwe!" Hapo nikaona mama yangu anajiinua kwa mkongojo wake.

"Zima hiyo simu kwanza," akamwambia yule kijana, na simu ikazimwa. Alisema kwa Ekegusii, nami nayaleta maneno yake kwa Kiswahili. "Kijana wangu yuko hapa, na leo atasikia. Siku ile ya ndege nilikuwa nimebandikwa mfuko tumboni, wa choo, wenye kibanio cha chuma, kwa sababu utumbo wangu ulikuwa umekatwa. Nilikuwa naenda kutolewa mfuko huo. Nilikuwa radhi nirudi Kebirigo nife nao kuliko mwanangu auone. Huyu mama alimwondoa kijana wangu, akafunga pazia, na alipomaliza akaufunika kwa leso yake mwenyewe. Akaniambia, mashine imeona, mimi nimeona, na inaishia hapa. Ikaishia hapo. Hata kwa makambi alinisalimia kama mgeni. Siri yangu alinitunzia mpaka leo, na leo nimeisema mwenyewe kwa sababu ni yangu." Akaketi. Nilikuwa nimekaa, bila kukusudia, kwenye kiti cha mwisho cha hema, na nililia mbele ya watu.

Tukishuka mlima nilimuuliza kama naweza kuandika. "Andika," akasema. "Jina langu usiandike, na lake pia." Ndiyo maana hamjaona jina hapa.

Juzi nilisafiri tena. Mwanamke mmoja mbele yangu alitolewa kando, na foleni, kama kawaida yake, ikageuza shingo. Hata mimi shingo ilianza kugeuka. Nikakumbuka, nikainamisha kichwa, nikatazama viatu vyangu mkononi mpaka akaondoka.