Mke Mwenza wa Mama Milka

Zamani mtu akipiga nduru moja tu, watu waliacha majembe shambani na uji mekoni wakakimbia. Siku hizi king'ora kinaweza kulia kwa jirani tangu asubuhi hadi jioni, na anayekisikia akaongeza tu sauti ya redio.

Walubengo alilelewa katika enzi zile za kwanza. Alizaliwa mashambani nyuma ya Bungoma, na jambo la mbali kabisa alilolikumbuka maishani mwake ni siku jiko la mama yake liliposhika moto. Mama alipiga nduru, na kabla paa la nyasi halijaanguka uani palikuwa na watu wengi kuliko harusini, huyu na mtungi, yule na sufuria, mwingine na tawi bichi la mgomba. Hakuna aliyesimama kuuliza moto ni mkubwa kiasi gani. Mzee mmoja tu wa ng'ambo ya kijito alisikia na hakuja. Msimu ule wote hakuitwa penye pombe, na ng'ombe wake alipokufa alimchuna peke yake.

Kufikia mwaka wa 1991 Walubengo alikuwa bawabu mtaani Milimani, Kisumu. Alikuja mjini kijana, akabeba magunia bandarini mpaka meli zikapungua na mgongo ukakataa. Mkewe Nasambu alibaki nyumbani na mahindi na watoto. Yeye alilala katika kibanda kando ya geti, chenye nafasi ya kitanda, birika na koti lake la baridi. Tajiri wake, Bwana Shitanda, alikuwa mhasibu, mtu wa Kakamega, jirani na kwao, karibu ndugu. Lakini tangu amwajiri hakuwahi kumuuliza hata jina la mkewe. Ndivyo Milimani ilivyokuwa. Miti mikubwa, kivuli kizuri, na nyumba zimekaa mbali mbali kama watu walionuniana.

Nyuma ya ua wa michongoma palikuwa na nyumba ya shirika, na ndani yake aliishi mhandisi kijana aitwaye Joram na mkewe Lornah, mwalimu. Kabla yao alikaa Mzungu wa mradi wa maji, aliyeogopa moto kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alibandika kengele za moshi darini: jikoni, ukumbini, hata katika chumba cha mtumishi kule nyuma. Alipoondoka aliziacha, zikaandikwa kuwa mali ya shirika, na Joram hakuthubutu kuzibandua.

Baba yake Joram alipofariki, Joram akamleta mama yake kutoka Kombewa, huko Seme, kwa ajili ya presha, awe karibu na daktari. Mama Milka alikubali kuja, ila jambo moja lilimshinda. Mama wa Kijaluo halali chini ya paa la mwanawe. Lornah alikuwa amemtengenezea chumba, akashona na mapazia. Mama akayapapasa yale mapazia, akayasifu, akasema, "Haya ni mazuri sana, nyathina, mwanangu. Mwekee mgeni." Kisha akabeba jiko lake la makaa na sufuria zake, akaingia chumba cha mtumishi kule nyuma, kando ya michongoma, hatua chache kutoka kibanda cha Walubengo.

Siku ya kwanza alitia omena, dagaa wa ziwani, katika mafuta ya moto. Kitu kikalia juu ya kichwa chake.

Walubengo hakuwa amewahi kusikia kengele ya moshi. Masikioni mwake ilikuwa sauti ya mwanamke anayepiga nduru. Alinyakua ndoo, akapenya tundu la mbwa katika michongoma, na akamkuta mama mzee amesimama nje na mwiko mkononi, akiutazama mlango wake kama mtu aliyefukuzwa na nyumba yake mwenyewe.

"Nani amekufa?" Walubengo akauliza.

"Hakuna. Ni omena."

"Na anayelia ni nani?"

"Hata mimi nataka kujua. Ingia wewe, mimi nina presha."

Aliingia, akapunga koti lake darini mpaka ile kelele ikakatika. Alipogeuka kuondoka, Mama Milka alikuwa amekwisha kuweka kigoda.

"Kaa. Kwetu Seme mtu aliyekuja kwa nduru harudi mdomo mkavu. Kama ilikuwa nduru ya bure, aliyepiga anamweleza, anamlisha, ndiyo kesho aje tena. Si mimi nimepiga, lakini imepigwa kwangu."

Akasonga ugali mkubwa, ugali wa watu wengi, akaketi akitazama njia ya geti. Kila mara alinyoosha shingo.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine ndio mimi, Mama," Walubengo akasema.

Mama aliacha kutazama njia. Kisha akamsukumia sahani nzima.

Tangu hapo ikawa desturi. Mama akikaanga, kengele inalia; kengele ikilia, Walubengo anapenya michongoma na ndoo yake, ingawa pua ilikwisha kumwambia kwamba ni samaki. Angeweza kubaki kibandani. Hakuweza. Miguu yake ilifundishwa kabla kichwa chake hakijajua kuhesabu. Mama naye aliipa ile kengele jina: nyieka, yaani mke mwenza.

"Mke mwenza wangu ana wivu," alisema akiitikisia mwiko. "Nikichemsha, ananyamaza kama anasali. Nikikaanga tu, huyo, anataka Milimani yote ijue nakula nini."

"Labda ana njaa, Mama."

"Na wewe ndiwe unayekula chakula chake. Nyinyi Wabukusu! Nilidhani mnakula kuku tu."

"Kuku wako wapi hapa? Nimekuja kuzima moto, nimekuta vitu vyenye macho."

Wakati wadudu wa ziwa walipoinuka kama wingu na kuingia kila tundu, kengele ililia bila jiko kuwashwa. Walubengo akaja, wakafagia wadudu, wakanywa chai. Betri ilipokaribia kwisha ikawa inatoa mlio mmoja mmoja, na Mama akamtafuta kifaranga chini ya kitanda asubuhi nzima. Walubengo akaja kwa hilo pia, akalala kifudifudi sakafuni kumulika uvunguni, mpaka wote wawili wakainua macho darini na kucheka hadi Mama akashika kifua.

Lakini Bwana Shitanda siku moja alirudi mchana, akapiga honi getini, na hakuna aliyefungua. Alipomwona bawabu wake akichomoza kutoka michongoma na midomo inayong'aa mafuta, hakupandisha sauti.

"Walubengo, nilikuajiri ulinde geti langu au sufuria ya jirani?"

"Kulikuwa na nduru, bwana."

"Kulikuwa na samaki. Ukiacha geti hili tena, usirudi."

Akaenda pia kumlalamikia Joram. Joram aliona aibu, akapanda juu ya meza ya mama yake, akatoa betri. Mke mwenza akawa bubu.

Mchana ule harufu ya omena ilipita juu ya michongoma na Walubengo akabaki ameketi. Kesho yake pia. Kazi yake ilikuwa salama, na Nasambu angetumiwa karo ya watoto kama kawaida. Lakini chakula kilikuwa kinamkwama, kwa sababu kwa mara ya kwanza alijua jirani yake anakula peke yake na yeye anakula peke yake, na katikati ni miiba tu.

Siku ya tatu au ya nne sauti ilimwita kupitia majani.

"Omera. Ndugu yangu. Uko?"

"Niko, Mama."

"Ile betri inauzwa wapi?"

Walubengo akakaribia ua. "Kwa nini, Mama? Si sasa unakaanga kwa amani?"

"Amani gani? Hapa watoto wanaondoka na gari asubuhi, wanarudi giza likiingia. Nyumbani nikikohoa tu mtu anauliza. Hapa nikianguka, nani atajua? Yule mwenye wivu alikuwa na mdomo. Mrudishie mdomo wake."

"Akilia nitakuja. Na nikija nitafukuzwa."

Mama akaliachia tawi alilokuwa amelisogeza.

"Basi acha," Mama akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Jumamosi, siku yake ya kutoka, Walubengo alikwenda soko la Kibuye akanunua ile betri ya mraba. Akapanda meza ya Mama na kuitia.

"Lakini tukubaliane, Mama. Omena ukaangie nje, chini ya mpera. Humu ndani mke mwenza asilie bure. Akilia, nijue ni kweli."

"Na wadudu?"

"Wadudu nitawaombea kwa Mungu."

Mama Milka alishika ahadi. Kila mchana alitoa jiko nje, jua au upepo, akakaanga chini ya mpera, na kumpitishia Walubengo chakula chake katika bakuli kupitia tundu la mbwa. Aliyepita barabarani angeona ua tu. Akimaliza kukaanga, Mama alilirudisha jiko ndani, kwa chai yake. Miezi ikaenda hivyo.

Kisha siku moja, saa kumi hivi, Bwana Shitanda alikuwa ndani ya gari lake, injini inanguruma, ana wageni wawili kwenye kiti cha nyuma, na Walubengo anashika komeo la geti. Kengele ikalia.

Ikalia, ikalia. Walubengo alisimama na komeo mkononi.

"Fungua!" Shitanda akasema kupitia dirisha.

"Bwana, ni kwa yule mama."

"Ni samaki."

"Samaki anakaangiwa nje, bwana."

"Basi ni wadudu! Wewe umesahau nilichokuambia?"

Hakuwa amesahau. Alimwona Nasambu na watoto wazi kama waliosimama mbele ya gari. Akamtazama tajiri wake, akawatazama na wageni, watu watatu wenye masikio mazima, wanasikia kama yeye anavyosikia, na hakuna hata mmoja aliyegusa mlango wa gari. Akalifungua geti wazi kabisa, ili asije akaambiwa amewafungia.

"Labda ni wadudu, bwana. Lakini nduru ni nduru."

Akakimbia. Tundu la mbwa lilimchana shati.

Chumba kilijaa moshi wa kitambaa, si wa mafuta. Mama Milka alikuwa sakafuni, mguu mmoja umelala upande usio wake. Karibu na mkono wake jiko lilikuwa linafuka, na juu ya makaa palikuwa na pindo la leso yake, aliyoilowesha kwa chai na kuisukuma motoni kwa kijiti cha ufagio. Alikuwa ameanguka mchana. Aliita, hakusikika; sauti ya mgonjwa wa presha haipiti michongoma. Ndipo akamkumbuka mke mwenza wake, akajikokota kidogo kidogo mpaka kwenye jiko, akamchokoza.

Walubengo alilitupa jiko nje, akapiga magoti.

"Umechelewa," Mama akamwambia, meno yakigongana. "Nilidhani leo hupendi samaki."

"Nilikuwa nafungua geti, Mama."

"Atakufukuza?"

"Usiseme. Nishike shingo."

Alimbeba mgongoni, mgongo ule ule uliokataa magunia, akatoka naye kwa geti kubwa la Joram mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililokubali kusimama. La kwanza kupita halikukubali, wala la pili. La tatu lilikuwa la muuza maziwa, na huyo ndiye aliyewafikisha hospitali. Alikuwa amevunjika mfupa wa nyonga.

Joram alikuja wodini jioni mbio, tai imegeukia mgongoni. Alipoelezwa, alimshika Walubengo mikono yote miwili. Akaahidi kwenda kumwomba Shitanda. Akaenda kweli. Shitanda akamsikiliza kwa adabu, akampa pole ya mama, na akamwonyesha sanduku la Walubengo lililokwisha kutolewa nje ya geti, limefungwa vizuri kwa kamba.

Walubengo alipata kazi ya kupanga mbao kwa mtu mmoja huko Otonglo, pembezoni mwa mji, na chumba cha mabati nyuma ya soko. Hakuna geti la kulinda pale. Alimtumia Nasambu ujumbe kwa mdomo wa dereva kwamba mwaka ule asingojee mengi, akamweleza na sababu, naye Nasambu akajibu kwa mdomo wa dereva yule yule: mwambie angebaki getini, ningemuuliza kwa nini.

Mama Milka alilala hospitali muda mrefu. Walipomtoa, akakataa Milimani, alitaka nyumbani. Siku hiyo pikapu ilisimama Otonglo kando ya barabara ya Busia, Joram akashuka, akaulizia kwa watu wa mbao. Walubengo akaja akijipangusa vumbi. Mama alikuwa mbele, amefungwa mito pande zote kama mayai, amekonda, macho ni yale yale.

"Omera," akasema, akatoa kitu ndani ya leso. "Shika mtu wako."

Ilikuwa ile kengele.

"Mama, hii ni mali ya shirika."

"Nimewaambia imevunjika," Joram akasema, akitazama pembeni.

"Mimi naenda kwa watu wenye masikio," Mama akasema. "Nikikohoa, watajaa. Wewe ndiye uko hapa peke yako na mabati yako. Itundike. Ikilia nitasikia."

"Kutoka Kombewa, Mama?"

"Mke mwenza husikika mbali."

Akamshika mkono, akautemea mate kidogo kiganjani, baraka ya kizee ambayo vijana wa leo wangekimbilia maji ya bomba kuiosha. Joram akawasha gari.

Pikapu iliondoka ikiacha wingu la vumbi jekundu, na Walubengo akasimama ndani yake na ile kengele mkononi. Vumbi likaingia katika vitundu vyake. Ikalia. Ikalia kwa sauti yake yote, kando ya barabara, katikati ya nyanya na vitunguu, na wanawake wa Otonglo wakainuka kwenye mafungu yao, wauza mbao wakatupa misumeno, wote wakamjia mbio wakiuliza, "Ni nini? Nani ameumia?"

Kule mbele taa nyekundu za pikapu zikawaka. Ikasimama. Mkono mwembamba ukatoka dirishani, na nyuma yake kichwa chenye kitambaa cheupe, kikijitahidi kugeuka kadiri mito ilivyoruhusu.

Walubengo aliinua kengele juu ya kichwa, akaipunga, amwone, ajue kwamba si kitu, ni vumbi tu. Mkono ukapunga pia. Ukangoja kidogo, kama kuhakikisha kwamba watu wamefika. Kisha ukarudi ndani, na pikapu ikashika njia ya Kombewa, na Walubengo hakumwona Mama tena.