Usingizi wa Mtoto wa Uwingabire

Uwingabire alizaliwa Bukavu, akarudi Rusizi na wazazi wake akiwa msichana, na siku hizi anauza mchele Bugarama. Ni mtu wa kucheka kwa sauti, utamsikia kabla hujafika sokoni. Lakini mtoto wake alipofikisha siku ya nane, siku ya kupewa jina, kikohozi kilikuwa kimemkaba yeye mama tangu juzi yake. Angekohoaje mbele ya wageni?

Mama mkwe wake, Patricie, alikuwa na siro iliyobaki, dawa ya maji ya kikohozi, ya kutoka ng'ambo ya mpaka. Akawa anampa Uwingabire kila alipokohoa.

"Kunywa, mwana wangu. Mimi ilinituliza palepale."

Kweli, kikohozi kikanyamaza. Wageni wakaja, batoto ba jirani wakala maharagwe yao ya sherehe uani, kisha, kama ilivyo desturi, wakaanza kumtajia mtoto majina. Mtoto alilala tu.

"Makelele yote haya, haamuke," jirani mmoja akasema.

"Ni mukristo wa kweli," mwingine akajibu. "Atalala misa nzima."

Uwingabire alicheka nao, kisha kicheko kikamkauka. Tangu asubuhi mtoto alikuwa hajanyonya. Alimwekea titi mdomoni. Mdomo ukabaki wazi. Aliinua mkono mdogo wa mtoto, ukaanguka kama kitambaa. Kifua kilipanda, kikashuka, halafu kikakaa bila kupanda. Kikakaa sana. Hakuaga mtu. Alimfunga kifuani akakimbia kituo cha afya, Patricie akihema nyuma yake.

Hugues, muuguzi, alimtazama mtoto mara moja tu, akaanza kumsukumia hewa kwa mfuko wa mpira uliofunika pua na mdomo.

"Mulimupatia dawa gani?"

"Hatukumupa kitu."

"Na wewe maman, ulikunywa nini?"

Hapo Uwingabire akapata woga wa pili. Mama mkwe amesimama palepale; atamtajaje mbele ya watu? Akatazama kile kifua.

"Siro ya kukohoa. Ya maman huyu."

Patricie akakaa sakafuni. "Mimi njo nilimupatia," akasema polepole. "Sikujua inafika kwa mutoto."

"Ile iko na kodeini," Hugues akasema, mkono haukuacha mpira. "Inapita mu maziwa, inazimisha pumzi ya mutoto."

Gari la wagonjwa likawapeleka hospitali, na huko wakamchoma mtoto sindano ya kuvunja nguvu ya ile dawa. Uwingabire hakuthubutu kupepesa macho. Mwishowe mtoto akakunja uso, akalia kwa hasira, akageuza kichwa kutafuta titi.

"Usimupe kwanza, maman," daktari akasema.

Maziwa yalikuwa yanamtiririka, yanalowesha kitenge. Alimshika mtoto mbali kidogo na kifua chake, akamwacha alie.