Stabilaiza Nyekundu Niliyomuuzia Sadoki

Nyie, mwenzenu nimeaibika! Fundi Sadoki ndiye aliyefanya gari langu lipinduke njia ya Karema, nikaponea chupuchupu. Alichomelea vibaya stabilaiza, kile chuma cha nyuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Juzi nikaagiza mpya, nyekundu, na chuma cha kukazia fremu. Ile ya zamani nikaipaka rangi hiyohiyo, nikamuuzia Sadoki kama mpya. Akaitundika ukutani kwenye gereji yake! Yangu nikaifunga mwenyewe, nikakata kona zote za Shanwe nikipiga kelele, "Halilali! Halilali!" Nikaenda kumringia.

Sadoki akaingia chini ya gari, akakwangua rangi.

"Kaka, mbona hii weldingi ni ya kwangu?"

Nikaitazama ile ya ukutani. Haina weldingi hata moja.