Shoka la Kipruto

Ndung'u alipigwa risasi ya paja na majambazi waliovamia duka alimokuwa akinunua sukari, mjini Gilgil. Mguu ulipona, akarudi Kikopey, kituo cha nyama choma kando ya barabara kuu, kwenye bucha ya mama aitwaye Wangechi, alikokuwa mkata nyama hodari. Lakini kila Kipruto, mwenzake wa gogo la pili la kukatia nyama, aliposhusha shoka kwenye mfupa, Ndung'u alijikuta chini ya meza.

Wangechi akamtoa ndani, akamsimamisha barabarani kuita wenye magari waje kula. Huko nako, lori lilipopasuka tairi, alilala vumbini.

"Boss, leo umesahau blanketi!" waitaji wa bucha jirani wakamcheka.

Wangechi hakucheka. "Ndung'u, wateja wanashtuka. Hali ikiendelea hivi, nitaandika mtu mwingine."

Wiki hiyo ndipo nilipokutana naye, hapo hapo buchani. Nilikuwa nikikusanya maelezo ya manusura wa risasi kaunti ya Nakuru, kwa utafiti wa afya ya jamii. Nilimuuliza kuhusu maumivu. Hana. Usingizi je? Analala vizuri. Basi ni nini kilichobadilika?

"Masikio," akasema. "Yanakimbia kabla yangu."

"Hata ukishika shoka mwenyewe?"

"La. Hapo najua linakuja."

Alisimama papo hapo, mahojiano yakiwa nusu, akamwendea Wangechi.

"Mathe, nirudishe kwa gogo. Kipruto aite tu kabla ya kukata."

"Aite nini?"

"Chochote. Aseme 'mfupa'."

"Kwani mimi ni kondakta?" Kipruto akauliza.

"Utaita," Wangechi akasema. "Nawe Ndung'u, ni Jumamosi hii tu. Ukiingia chini ya meza tena, tumemalizana."

Jumamosi Kikopey hujaa watu. Nilikwenda kula, na pia kuona.

"Mfupa!" Kipruto aliita, kisha akakata. Mabega ya Ndung'u yalipanda, yakashuka. Akaendelea na mbavu zake. Ikawa hivyo asubuhi nzima, mpaka wateja wakadhani ndio mtindo wa bucha ile.

Saa sita, foleni ikiwa ndefu, Kipruto alisahau. Shoka lililia. Ndung'u aliangusha lake, akashika ukingo wa gogo kwa mikono miwili. Wangechi alimtazama. Ndung'u alibaki wima.

"Kipruto!" Wangechi akafoka. "Mdomo umeuacha wapi?"

Ndung'u akaokota shoka, akalipangusa kwenye aproni.

"Mfupa," akaita kwa sauti ndogo, akakata.