Honi Dirishani Siku ya Wakwe

Nawasimulia huku nacheka, lakini mjue kwamba baada ya siku ile nilikaa muda mrefu sipiti mbele ya mashine ya kukamua alizeti hapa kwetu Ilongero, nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu, nakanyaga mabua ya mtama, ili tu nisikutane na mtu wa kuniita "Cherehani". Ndiyo, hilo ndilo jina langu siku hizi, na walionipa ni wakwe zangu, tena walinipa kwa spika nilizozifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Aibu yangu nimeitengeneza mimi, nikaipigilia na misumari.

Tatizo ni kwamba mimi sijui kutulia. Nikikaa mguu unacheza, nikisimama lazima nishike hiki nifungue kile. Nilikuwa na sabufa ya kawaida kama ya kila mtu, inadunda vizuri tu, lakini maneno ya mwimbaji yanazama, nikaona hapana, nikapanda bodaboda hadi Singida mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vyombo vya muziki, nikanunua honi mbili na yuniti zake. (Honi mnazijua, ni zile zenye mdomo mpana kama bakuli, zinakaa juu ya magari ya matangazo, yuniti ni kile kidude kizito chenye sumaku kinachofungwa nyuma yake, sauti inaanzia humo ikiwa ndogo, inapita kwenye koo la honi, inatoka imenenepa.)

"Unafunga wapi?" yule mzee akaniuliza. "Kanisani au msikitini?"

"Sebuleni, mzee."

Akavua miwani akanitazama vizuri. "Hii inatupa sauti mbele, bwana, mbele kabisa. Sebuleni utakaa wapi wewe?"

Nikacheka, nikajiona mtaalamu. Nikaenda kwa fundi seremala, nikachongesha makasha mawili, chini nikaweka spika kubwa ya besi, juu nikakalisha honi, nikawasha. Jamani! Ukikaa mbele yake unasikia mpaka mwimbaji anavyomeza mate, mtu anayepiga gitaa utadhani yuko mezani kwako, lakini ukisogea pembeni kidogo utamu wote umepotea, na ukizidisha sauti hata nukta moja meno yanakufa ganzi. Wimbo ukiisha, honi zinabaki zinachemka tu, chrrrr, kama mafuta ya kukaangia. Wiki nzima nikawa nayahamisha makasha, leo kona hii, kesho kona ile, paka akahama nyumba.

Sasa wiki hiyohiyo ndiyo wakwe walikuwa wanakuja. Nilikuwa nimemposa Neema, wa Ihanja, na baba yake, Mzee Sungi, alikuwa bado hajatoa jibu kwa sababu alisikia kwa watu kwamba mimi kichwa changu hakitulii. Akasema atakuja mwenyewe na jamaa zake waone mji wangu, wale, wazungumze, na jibu watalitoa siku hiyohiyo. Neema akanipigia simu: "Njiku, nakuomba, siku hiyo kaa tu. Usitengeneze kitu chochote." Nikamwambia sawa. (Nilikuwa nimeshika bisibisi.)

Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, Ntandu, mtu mwenye maneno mazuri sana, ila siku hiyo akaja kifua kimembana, sauti imekauka, anazungumza kama mtu anayekwangua sufuria. Nikaogopa. Baba mdogo asiposikika nani atatusemea? Ndipo nikapata wazo, na hilo wazo ndilo lililonimaliza: nimwekee maiki mezani. Nikajaribu, sauti ikampiga usoni kwa nguvu mpaka akaruka kwenye kiti. Basi nikageuza honi zote mbili, nikazitolea midomo nje ya dirisha, wakwe wakae nyuma yake, wapate ile sauti laini inayorudi ndani. Nikajaribu tena. Laini kabisa! Nikaunga amplifaya kwenye betri la gari, maana umeme wetu mnaujua, nikafunika waya kwa kitambaa, nikajipongeza. Huko nje sikwenda kusikiliza, nikasikilize nini na ng'ambo ya barabara ile mashine ya alizeti inanguruma tangu asubuhi, watu wamepanga foleni na magunia yao, hakuna anayemsikia mwenzake.

Wakwe wakafika. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, nikawanawisha mikono mimi mwenyewe, maji mengine nikamwagia magoti ya Mzee Sungi kwa kutetemeka, akajipangusa. Wakala kuku. Baba mdogo akazungumza kwenye maiki, akasikika vizuri, na shangazi yake Neema (mama mmoja mnene, macho makali, haachi kitu kipite) akasema, "Nyumba hii ina mambo." Nikajua ananisifia. Mimi nimekaa pembeni, mguu unakwenda, naukamata kwa mkono, nikiuachia unaanza tena.

Halafu Mzee Sungi akasema, "Tupisheni kidogo, tushauriane." Ndiyo desturi, wageni wanaachiwa chumba, wenyeji wanatoka. Baba mdogo akaiweka maiki mezani, tukatoka kwa mlango wa nyuma. Tukiwa uani umeme ukakatika. Nikajisemea, betri langu ndilo lililobaki linafanya kazi, mwanaume nimejipanga! Mashine ya alizeti ikalegea, ikakohoa, ikanyamaza. Ilongero yote ikawa kimya.

Na katika kile kimya nikamsikia Mzee Sungi. Simsikii ndani. Namsikia barabarani, kwenye bati za watu, kule bondeni kwenye ng'ombe:

"TUANZE NA NG'OMBE WENGI, TUKAZE, WAKILIA TUTASHUKA."

Baba mdogo akanitazama. Nikazunguka nyumba mbio. Foleni nzima ya alizeti imegeukia dirisha langu, watu wamekalia magunia yao, wengine wameshika videvu, wametulia kama wako ibadani.

"MIMI HUYU KIJANA NINA WASIWASI NAYE," shangazi akatangazia kata nzima. "ULE MGUU UMEUONA? KAMA ANASHONA CHEREHANI!"

Watu wakalipuka.

"MBONA KAMA KUNA WATU WANACHEKA HUKO NJE?"

"WAACHE, WAMELEWA HAO," mkwe wangu akamjibu.

Nifanye nini? Kuingia ndani wakati wazee wanashauriana ni kosa, huenda wangeondoka palepale. Nikiwaacha waendelee, siri zao zitafika hadi kwao Ihanja jioni hiyohiyo, na Neema sitampata tena. Nikaenda mlangoni nikarudi, nikaenda tena nikarudi, watu wa foleni wananifuata kwa macho. Na hapo ndipo Mzee Sungi akasema maneno ambayo sitayasahau:

"MIMI NIMESHAKUBALI, DADA. ALIPOKUWA ANANINAWISHA, MIKONO ILIKUWA INAMTETEMEKA. MTU ANAYEOGOPA NAMNA ILE ATAMTUNZA MWANANGU. ILA TUSIMWAMBIE UPESI, TUMSUMBUE KWANZA."

Machozi yalinitoka, sifichi. Mtu mwenye akili angesimama pale akashukuru Mungu, akasubiri. Mimi nikasema hapana, lazima nimfichie mkwe wangu aibu, nikanyemelea dirisha nimeinama, nikaipeleka mikono juu, nikaishika honi moja na kuigeuzia ndani, isitangaze tena nje.

Mtu aliyewahi kuweka maiki mbele ya spika anajua kilichofuata. Ikalia WIIIIIIII! Haikuwa sauti ya dunia hii. Ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Ndani nikasikia vikombe, viti, shangazi anamwita Yesu, nami kwa kiherehere nikaivuta ile honi niirudishe nje, kasha zima likaja, likaning'inia dirishani, na nyuma ya kasha akatokea Mzee Sungi, kofia imekaa upande, chai imemwagika kifuani. Tukatazamana. Mikono yangu bado imeikumbatia honi.

Baba mdogo alikimbilia ndani akang'oa waya wa betri. Kukawa kimya tena.

"Kijana," Mzee Sungi akasema taratibu. "Tuliyokuwa tunazungumza humu, yamesikika nje?"

"Yamesikika, baba."

"Yamefika wapi?"

Nikamwonyesha foleni kwa kidevu. Kule kwenye foleni mama mmoja aliyekalia gunia lake akapaza sauti: "Mzee, mpe tu binti! Umeshakubali, tumesikia wote!"

Kicheko kikaanza upya. Mzee Sungi alisimama pale dirishani, anawatazama, anafuta chai, nami moyo ulikuwa unanipiga kuliko spika ya besi. Mwisho akaketi. "Basi tena," akasema. "Watu wote hawa wamenisikia, nitageukaje? Umempata. Lakini madude haya na mwanangu hayalali nyumba moja."

"Na mguu autulize," shangazi akamalizia kutoka chini ya meza.

Honi nilizipeleka kanisani, ziko juu ya nguzo, zinatupa sauti mbele kabisa kama mzee wa duka alivyosema, na mimi nimeapa sitafunga tena spika yoyote ndani ya nyumba yangu. Nina redio ndogo ya mkononi, inanitosha. Neema yuko hapa, tunaishi vizuri. Ila hadi leo, akitaka kuniambia neno la ndani, neno letu sisi wawili tu, kwanza anainuka, anazima ile redio, anafunga dirisha, halafu anauwekea mkono mguu wangu ndipo anaanza kusema.