Ng'ombe wa Gidamis Zizini kwa Efrazia

Huko kijijini Gitting, mtu mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huwagawa kwa marafiki, nao huwafuga, huwakamua na kunyamaza. Kumuuliza mwenzako ng'ombe hawa ni wa nani ni kukosa adabu. Basi kampuni mbili, moja ya gesi na nyingine ya mita za kulipia kwa simu, ziliposhirikiana kujaribu jiko jipya la gesi ya samadi na kutafuta nyumba ya mfano, Efrazia na mumewe Felician, baba Violeth, walionyesha zizi lililojaa. Wageni wakafurahi. Nani angewaambia kwamba wote walikuwa wa rafiki yao Gidamis wa kijiji cha Mogitu?

Shimo la samadi likajengwa, moto wa bluu ukawaka. Efrazia akaringa kidogo, tusimfiche.

Kisha Felician akafa. Efrazia hakulia. Watu walimsema pembeni, na waseme. Yeye mwenyewe aliyatafuta machozi hakuyaona. Alipika, alifagia, mwili ukizunguka kama mashine ya kusaga isiyotiwa mahindi.

Matanga yalipokwisha, Gidamis akaja kuchukua ng'ombe wake, kama desturi inavyomruhusu.

"Shikamoo, shemeji," Efrazia akamwamkia.

"Marahaba. Mimi sina moyo wa jiwe. Ukisema unawahitaji, nawaacha."

Efrazia alijua: bila samadi hakuna gesi, na bila gesi kampuni zitang'oa jiko. Ilibaki kusema tu kwamba anawahitaji.

"Ni wako, shemeji. Wachukue."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Gidamis akawaswaga wote mpaka kwake.

Gesi ikafifia, ikazimika. Akaja fundi wa kampuni, Shamimu, binti kutoka mji wa Katesh, ambaye hakuwa na habari za msiba.

"Shikamoo, mama. Ng'ombe wameenda wapi?"

"Marahaba. Wameenda kwa mwenyewe."

"Si ulisema ni wako?"

"Mwanangu, hapa ng'ombe anayelala kwako ni wako, mpaka mwenyewe aje."

Shamimu akahema, akaanza kufungua nati. Efrazia akatazama jiko lake likitolewa, na hata kuudhika hakuudhika.

"Mama, hili ni zito. Baba hayupo anisaidie kubeba?"

Efrazia akageukia mlangoni. "Baba Violeth! Njoo umsaidie mtoto!"

Sauti ikavuka ua mpaka zizini. Hakuna aliyeitika, hata ng'ombe. Efrazia akakaa chini palepale, akaangua kilio.