Adhana Iliyotangulia Jua

Nakumbuka Ramadhani moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipokuwa fundi kijana katika kituo kidogo cha televisheni kule Mbaraki. Fundi wa kike, tena na buibui lake, alikuwa kioja siku hizo. Lakini hayo tuyaache, walionishangaa walichoka wenyewe.

Mwaka huo tulikuwa tumeletewa seva ya video. Zamani kila kipindi kilikuwa na kaseti yake, na sisi kutwa kukimbizana na kaseti. Seva ikazimeza zote. Iliweza kurusha picha moja huku ikirekodi nyingine, wala haikutafuna utepe. Yenyewe ilikaa chumba cha chini, penye baridi. Ghorofani, kwenye chumba cha kurushia matangazo, palikuwa na kibao cha vitufe kilichounganishwa nayo kwa waya, kila kitufe na rekodi yake. Ukibonyeza juu, chini inatii.

Jambo moja ulielewe, maana ndilo lililotuponza. Usoni mwa seva palikuwa na swichi ya kuchagua nani wa kuiamrisha: aliye mbele yake au aliye mbali. Kwetu iliwekwa kwa aliye mbali, ikafungwa, na ufunguo akakaa nao meneja ili tusiichezee. Basi wewe uliyesimama nayo uso kwa uso hata ungebonyeza mpaka kidole kivimbe, haikusikii.

Miongoni mwa rekodi zake mlikuwa na adhana ya Maghribi, kwa sauti ya Maalim Athumani, muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu Kibokoni. Sauti ile tumekua nayo. Wengi walizoea kuketi mbele ya televisheni na tende mkononi, wakiisubiri.

Jioni moja ya mfungo huo, jua likiwa bado juu ya mapaa, aliyekuwa kwenye vitufe ni mwenzangu Mwadime, kijana Mtaita mpole asiyekuwa na makuu. Mchana vitufe vilikuwa vimepangwa upya na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Akabonyeza pale alipozoea kupata tangazo la sabuni. Ikatoka adhana.

Mimi nilikuwa chini. Nikabonyeza kuisimamisha, wapi! Nikapanda ngazi mbio, buibui nimelikunja mkononi. Nilipofika Mwadime alikwisha kuikata, lakini takbiri za mwanzo zilikuwa zimetoka, na kwa mtu mwenye njaa hizo zatosha.

"Jua lenyewe li karibu kuzama," akasema meneja, aliyekuja mbio kutoka ofisini kwake. "Tukitangaza kosa tutachekwa mji mzima. Nyamazeni."

Papo hapo simu ikalia, nikaipokea. Alikuwa Maalim Athumani, amekimbilia simu ya duka lililo mkabala na msikiti. Huyu alikuwa mtu wa salamu ndefu, akuulize mpaka hali ya paka. Siku hiyo hakunipa hata moja.

"Ni nani huyo yuaadhini kwa sauti yangu? Mimi jua nalitazama, na majirani washaanza kula!"

"Ni mashine, Maalim. Kimekosewa kitufe."

"Mashine haina macho, mwanangu. Mimi hutazama kwanza, ndipo nikaita. Nyinyi mumetwaa sauti, macho mukayawacha kwangu. Haya, wambieni watu sasa hivi. Ambaye hajala asije akala."

Nilimwomba Mwadime anifungulie maikrofoni. Alinifungulia bila kumtazama meneja. Nikasema kuwa jua halijazama, aliyekula ajizuie, na siku hiyo ailipe baada ya Ramadhani. Niliona aibu sana. Meneja hakunisemesha mpaka Idi.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi na bakuli la uji.

"Nilikuwa nishakunywa kidogo uliposema," akaniambia. "Si neno, nitailipa."

Lakini mama alikuwa mgonjwa wa figo. Baada ya Idi alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na kila akipata nafuu aliitaja siku yake ile moja. Alifariki hajailipa. Iliniuma, na bado yaniuma. Maalim aliniambia kwamba mtoto aweza kumfungia mzazi wake saumu aliyokufa akidaiwa, nikamfungia.

Maalim naye, baada ya kosa lile, alitaka kuiondoa sauti yake, kituoni wakamsihi asiiondoe. Akakubali kwa sharti: pasibonyezwe kitu mpaka mtu apande juu ya dari alitazame jua kwa macho yake. Kazi hiyo aliiomba Mwadime. Kila jioni ya Ramadhani alipanda, Mkristo wa watu, akiwatazamia jua waliofunga.

Sasa nyinyi mwaamrisha kwa kidole vitu vilivyo mbali msivyoviona. Sikukatazi, nami nilikula kwa kazi hiyo hiyo. Ila kabla hujabonyeza linalowagusa watu, inuka ukatazame. Na likiharibika lisemee upesi, kwa kinywa chako, hata mkubwa wako akikukonyeza unyamaze, kwa sababu wakati nyinyi mwashauriana kuna mtu mahali tonge li mkononi, naye amekuamini.

Mungu akujaalie macho yatangulie sauti yako, akuepushe na deni la watu usiowajua, na lile litakalokushinda duniani akupe mwana wa kukulipia. Amin.